Laini Iliyonyamaza

Ndugu zangu, uchovu utaniua mi. Kazi yangu ni kuunganisha simu za Bujumbura, kutwa nzima kwenye kiti, masikio yamebanwa. Juzi mchana nilirudi kutoka kula nikakuta kamba moja ambayo mwenzangu alikuwa ameichomeka, inaunganisha nyumba ya Kiriri, mtaa wa matajiri, na duka la mtaa wa Jabe. Kanuni yetu ni kuuliza kwanza, "Mumemaliza?", ungoje jibu, ndipo uchomoe. Nikaingia kwenye laini, nikasikiliza. Kimya. Nikawaza, hao wenye villa wameongea wakasahau kurudisha simu. Nguvu ya kuuliza ningeitoa wapi? Nikapiga muayo mrefu, nikachomoa.

Mara taa ya Kiriri ikawaka. Kumbe ni shefu wetu, mkubwa wa kazi, anapiga kutoka nyumbani kwake.

"Mama Odette, nani amekata laini yangu?"

"Akuna mutu, shefu. Imekatika yenyewe. Si unajua laini za Jabe."

Shefu akasema:

"Mwenye duka alikuwa ameenda kumuita bwana yako, pale jirani. Asubuhi nilikuona unasinzia kwa kiti, nikataka aje akuchukue, upumzike wikendi yote mpaka lundi." Akashusha pumzi. "Na ule muayo, Mama Odette? Ni laini pia ilipiga?"