Nilipojifunza Kukalia Mikono Yangu

Binti yangu alipata kiharusi akiwa na miaka sita. Nilibishana na daktari. Nilimwambia kiharusi ni ugonjwa wa wazee, aangalie karatasi zake tena, pengine amechukua faili la mtu mwingine. Aliniacha nimalize, kisha akanieleza upya, polepole, kwamba hata watoto hupata. Mimi ni dereva wa basi, kubishana ni sehemu ya kazi, lakini siku ile nilirudi tu kukaa kando ya kitanda chake.

Binti alirudi nyumbani kwetu Akalla, mtaa wa huku Uswidi tunakoishi, akitembea, tukamshukuru Mungu. Mguu ulikuwa unapata nguvu. Mkono wa kulia ndio uliobaki nyuma, umelala tu pembeni, vidole vimejikunja. Nami nikafanya kile ambacho baba yeyote wa kwetu angefanya: nikamlisha. Si kwa kijiko. Unamega ugali, unafinyanga tonge, unachovya kwenye mchuzi, unamtia mdomoni. Kila jioni nikitoka kazini nilinawa, nikakaa mbele yake, naye akafungua mdomo kama kifaranga. Miezi ikapita hivyo. Mke wangu aliposema sasa inatosha, nilimwambia ana wivu. Sitaficha, nilikuwa naona raha.

Kila baada ya wiki mbili alitutembelea mwanamke kutoka kituo kinachosaidia watoto kama wangu na familia zao. Kazi yake ilikuwa kuizoeza mikono, kwa hiyo binti yangu akampa jina la mama wa mikono. Alileta udongo laini wa kijani wa kufinya. Binti aliufinya mara mbili, akasema unanuka, akaurudisha kwenye kopo kwa mkono wa kushoto.

"Nani humlisha?" mama wa mikono aliniuliza siku moja.

"Mimi," nikajibu kwa fahari.

Alifunga kwanza kopo la udongo, maana Waswidi hawaharakishi jambo zito. Kisha akasema mkono usiopewa kazi, mtoto huusahau, na kazi ya mkono ule nilikuwa naifanya mimi. Nilimmiminia chai, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Huyu anajua nini kuhusu kuuguza mtoto wangu?

Alijua. Jumapili baada ya ibada, kule Tensta, mtaa wa jirani, huwa tunakula pamoja, Wakenya, Wakongo, Warundi na yeyote aliyekuja na njaa. Watoto wana sinia lao moja, na mtu anakula kwa mkono wa kulia. Hilo halina mjadala. Binti yangu alikuwa ameanza kusema hana njaa. Alikaa kwenye benchi la ukutani, mkono ameuvutia ndani ya sweta, akawatazama wenzake wakila mpaka turudi nyumbani nimlishe. Niliogopa mkono ungesahaulika kweli, na mwenyewe angezoea kukaa kwenye lile benchi. Iliniuma sana.

Kituo kilikuwa na kikundi cha wazazi. Nilienda kwa kusukumwa na mke wangu. Kulikuwa na kahawa, mikate ya mdalasini, na watu wanane wanaotazama vikombe vyao. Kisha seremala mmoja mkubwa kama kabati, ambaye mwanawe alipatwa na yaleyale, akasema, "Mimi mezani huwa naikalia mikono yangu. La sivyo inakimbilia kumsaidia."

Nilicheka. Halafu nikaona hatanii, na machozi yakanitoka mbele ya watu nisiowajua. Hakuna aliyeshangaa. Mama mmoja alinisogezea tishu, mazungumzo yakaendelea.

Kesho yake nilisonga ugali, nikauweka mezani, nikaikalia mikono yangu.

"Nilishe, pappa," alisema kwa Kiswidi, maana hiyo ndiyo lugha anayotujibia.

"Leo mikono ya baba imechoka."

Alilia. Mke wangu, yuleyule aliyesema inatosha, alinitazama kama nimemwibia mtu. Nilitaka kuinuka mara ishirini. Mwishowe njaa ikamshinda mtoto. Aliubeba mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka juu ya ugali, akafinya. Ndipo nikaona. Kufinya, kuviringisha, kubonyeza kwa kidole gumba: ni mazoezi yaleyale ya udongo wa kijani, ila huu unaliwa.

Mama wa mikono alipokuja nilimkaribisha mezani. Alijiunguza vidole, akafinyanga tonge baya kuliko la mtoto, akacheka hadi akavua miwani. Kisha akaandika kwenye mpango wetu: ugali, kila siku. Karatasi hiyo bado iko kwenye mlango wa friji.

Ilipita miezi kadhaa kabla ya Jumapili ninayoikumbuka. Tensta, baada ya ibada, binti yangu alitoka kwenye benchi mwenyewe, akanawa, akajipenyeza kati ya wenzake. Mimi nilikaa nyuma yake na sahani yangu magotini, mikono mahali pake, chini ya mapaja. Tonge la kwanza lilimponyoka likaanguka chini. Mama mzee Mkongomani, ambaye hutupikia, akaja haraka na tonge tayari.

"Kuja, mutoto yangu, nikulishe."

"Mimi mwenyewe, nyanya," binti yangu akasema, kwa Kiswahili.

Mama mzee akanitazama. Nikatikisa kichwa, amwache. La pili lilivunjika. La tatu lilifika mdomoni, akatafuna akitazama mbele kama mtu asiye na habari na yeyote, na watoto wakaendelea kugombania nyama.

Nikasema sasa nami nile. Nikaichomoa mikono yangu, na haikushika kitu. Nilikuwa nimeikalia muda mrefu mno, imekufa ganzi, tonge linaniponyoka kama la mtoto mchanga. Binti yangu aligeuka, akaniangalia nikihangaika.

"Pappa," akasema, "nikulishe?"

Alifinyanga kwa mkono wa kulia, bila haraka. Tonge lilikuwa kubwa, halina mchuzi, na nusu yake ilinidondokea shatini. Nilifungua mdomo.