Ugali Nilioukataa Shambani

Namshukuru Mungu kwa tabibu wa zahanati yetu. Aliniambia nipunguze mwili kwa kuacha ugali na kula mayai na nyama yenye mafuta. Nikatii. Kwenye shamba la kijiji cha ujamaa, chakula kilipoletwa, mimi katekista wao nilikaa pembeni bila kula. Siku ya tatu nikashangaa: wote wamekaa nami, ugali wa ulezi unapoa, hakuna mwenye nguvu ya kushika jembe.

"Mbona hamli?"

"Tunafunga pamoja nawe, Baba Katekista," mwenyekiti akajibu kwa sauti iliyokauka. "Tunajua unaomba mvua."

Kabla sijajibu, mke wangu akafika na sufuria.

"Mzee, umesahau nguruwe wako. Leo mafuta nimeongeza, kama ulivyotaka."