Mkate Haukatwi kwa Dhana

Juzi Tanzania ilicheza tena kombe la nchi za kusini mwa Afrika. Niliitazama mechi yote kwenye simu, picha safi, hata jasho la golikipa linaonekana. Tukafungwa. Hilo nimelizoea, rafiki yangu. Lililoniudhi ni mkate.

Nimekulia Darsait, mtaa wa Maskati, kwa bibi yangu aliyetoka Unguja. Katika kombe lile Tanzania ni mwalikwa tu, na hapa Maskati hatukupata stesheni ya kuionesha. Basi mjomba aliyebaki Unguja alikuwa akitupigia simu, akaiweka kando ya redio yake. Nasi simu yetu tukaitia ndani ya bakuli la bati ipaze sauti. Bibi alizima kiyoyozi ili tusikie vyema. Kiangazi kile! Jasho likitutiririka mpaka viwikoni, na mbele yetu mkate wa kumimina, wa moto, unanukia nazi na hiliki, na ruhusa ya kuugusa hatuna. Tukishinda, unakatwa. Tukifungwa, anapelekewa jirani.

Na tulifungwa sana. Jirani, Muomani mzaliwa wa Tabora, akipokea sinia huku anacheka: "Nawaombea mfungwe tena, bibie. Mkifungwa mkate wenu unazidi utamu!"

"Kula unyamaze," bibi humjibu. "Iko siku utalala na njaa."

Siku yenyewe ikaja. Mechi ya mtoano, tunaongoza kwa bao moja, dakika zinayoyoma. Bibi keshashika kisu. Mtangazaji akapiga ukelele, kona inapigwa golini kwetu, na simu ikakatika. Tukapiga, tukapiga. Mjomba hapatikani.

"Kata, bibi! Tumeshinda!" tulimlilia.

"Nani kakwambieni? Miye kipenga sijakisikia. Nna uhakika gani? Mkate wa ushindi haukatwi kwa dhana."

Akangoja mpaka mkate ukapoa, kisha akanitwika sinia niupeleke kwa jirani. Nililia mpaka mlangoni kwake.

Asubuhi mjomba akapiga. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwake, na simu ikamzimikia. "Tumeshinda, mama! Hamkusikia?"

Bibi alilitazama sinia lililorudi tupu. Akaenda akagonga ukuta.

"Jirani! Umekula ushindi wetu!"

"Ndio maana nimeshiba hivi!" likaja jibu, na bibi akacheka mpaka akakaa chini. Miye sikucheka. Mpaka leo sijacheka.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Jirani alihama, na nyumba zile zimevunjwa. Juzi niliuoka mkate mwenyewe, katika jengo langu jipya, na kipenga nilikisikia vizuri kabisa. Tumefungwa, hapana dhana. Nikaufunika kwa kitambaa, nikatoka nao ukumbini. Milango imepangana, myeupe, yote sawasawa, na nyuma ya kila mmoja sauti ya kiyoyozi. Nimekaa hapa miaka, na simjui hata mtu mmoja wa kumgongea nikamwambia: pokea, tumefungwa.