Ukuta Tuliouchora Tukiwa Tumelala

Chumba chetu cha mtaa wa Tshopo kilinuka rangi ya mafuta, na vita ilipoingia Kisangani kikanuka pia baruti na vumbi la matofali. Papa alikuwa mchoraji. Alichora mabango ya vinyozi na ya maduka ya wafanyabiashara wa Kivu, na majina kwenye mitumbwi ya wavuvi wa maporomoko. Majeshi mawili ya kigeni yalipoanza kutupiana makombora juu ya mapaa yetu, tulilala kifudifudi sakafuni: Papa, Mama, mdogo wangu Bénie na mimi. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na sisi nyasi tulijifunza kulala.

Bénie alilia akitaka kwenda nje. Papa akalivuta kopo la rangi kwa mguu, akaanza kuchora barabara yetu ukutani, chini kabisa, pale mkono wa mtu aliyelala unapofika.

"Angalia, mama," alimwambia Bénie, alivyozoea kumwita binti yake. "Huyu ni Mama Agathe, iko anauzisha ndizi."

"Na mimi niko wapi?" Bénie akauliza.

"Ngoja, nitakuweka."

Kombora likaanguka uani. Mlango uliingia ndani pamoja na vipande vya chuma, na kimoja kikamkata Bénie shingoni. Papa aliziba jeraha kwa kiganja chenye rangi ya buluu, huku Mama akipiga mayowe nisiyoyasikia, maana masikio yangu yalikuwa yameziba. Damu ilipita kati ya vidole vyake hadi ikaisha nguvu. Tulimzika uani risasi zikipasua majani ya mpapai. Papa hakuigusa tena barabara ile.

Mwaka huu, tulipotengeneza maonyesho ya kazi zake, tulijenga upya chumba kile na kuleta kipande cha ukuta chenye barabara ile. Fundi alikitundika usawa wa macho. Nikamwomba akishushe hadi sakafuni. Alitaka pia kuimalizia barabara, nikakataa.

Siku ya ufunguzi watoto wa wageni waliingia wakikimbizana na kucheka, wazazi wakawakaripia. Katika umri wao nilijua kwa mlio tu kombora linaloanguka karibu na linalopita. Papa, mzee sasa, alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta wake. Akageuka.

"Mubaache," aliwaambia wazazi. "Bakimbie."