Remoriki Aliyoichagua Papa kwa Moshi

Siku tuliyorudi kutoka Walikale, Papa alikataa kukaa mbele ndani ya kamyo.

Alizunguka nyuma, akapanda ndani ya remoriki tupu, tela lililovutwa na lori hilo, akajifungia milango yake miwili ya mbao. Humo giza tupu, na mbele yetu barabara ya mashimo mpaka kwetu Masisi.

Edmond, mwenye kamyo, alinitazama kama vile mimi ndiye niliyemzaa Papa.

"Narcisse, papa yako iko na akili zote?"

Nikamjibu kwa sauti ya bruda anayefundisha katekisimu kwamba uchunguzi bado unaendelea.

Nisameheni. Mimi ndiye mwanafunzi aliyemvalisha mbuzi kofia ya bruda mkuu wa shule yetu na kumwingiza darasani wakati wa sala. Mdomo wangu haujui kupumzika, hata pale unapopaswa.

Lakini ngoja niwaeleze tangu mwanzo.

Ilikuwa likizo kubwa ya mwaka 1956, nikiwa na miaka kumi na sita. Nilifika nyumbani nikakuta zizi kimya. Ugonjwa ulikuwa umepita, ukafagia ng'ombe wote isipokuwa kikongwe mmoja aliyesahau kutoa maziwa.

Dada yangu Drocella alikuwa na mtoto mchanga, na matiti yake yalikuwa yamekauka. Mtoto alikunywa maji ya uji wa mtama. Alilia kwa sauti ndogo sana, mpaka mtu anatamani angepiga kelele.

Kilichobaki na thamani kwetu kilikuwa gari.

Kuukuu, jeusi, lenye viti vya ngozi. Mzungu mmoja mwenye shamba alimwachia Papa, aliyekuwa dereva wake, aliporudi kwao. Jumapili Papa alimpeleka Mama misa humo, naye Mama alikaa kiti cha kulia, amejipaka siagi yake ya majani ya kunukia, anawapungia mkono majirani kama malkia.

Mimi nilimwita Mama "Mkuu wa Wilaya". Alinifinya sikio, lakini alipenda.

Miaka miwili kabla, Mama alishikwa na homa kali. Papa alimweka kwenye kiti chake, akaendesha kuelekea hospitali ya Mweso. Hawakufika. Mama alikata roho njiani, kichwa kimeegemea ngozi ya kiti.

Tangu siku hiyo gari lilifungwa, vioo juu, mikeka juu yake. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata mlango.

Sasa, Walikale kulikuwa na mzungu mmoja, injinia, aliyekusanya magari ya zamani kama watu wengine wanavyokusanya vipepeo. Alikuwa pia na malisho huku kwetu juu. Akatuma habari: mitamba mitatu yenye mimba kwa gari lile.

Sharti moja. Gari lifike ndani ya remoriki iliyofunikwa kote. Likiguswa na mvua au tope, hakuna mitamba.

Papa akamtazama mtoto wa Drocella, akakubali.

Hapo ndipo vituko vilipoanza.

Edmond alikuwa anapeleka maharagwe Walikale, arudi na mafuta ya mawese. Alikubali kuvuta gari, na remoriki yake mwenyewe angetuazima bure. Ilikuwa ya bati jipya, nyepesi, inang'aa mpaka unaweza kunyoa ndevu mbele yake.

Upande wa pili alikuwepo Callixte, fundi wa mbao, mtu wa milimani kama sisi, ila kwao ni wakulima, si wafugaji. Yake ilikuwa sanduku la mbao nene, ubao juu ya ubao, paa limepakwa lami. Nzito kama dhambi. Na hakutaka kuiazimisha. Alitaka kuiuza, kwa ndama.

Papa aliipiga ya bati kwa ngumi, ikalia kama ngoma. Akaitikisa, misumari ikacheza. Alipoingia asubuhi iliyofuata alikuta paa linatoa jasho kwa ndani, matone yanadondoka.

Aliipiga ya Callixte. Ikanyamaza.

Mtu mwingine angeishia hapo. Papa akachukua kigae chenye makaa, akaweka juu yake yale majani ambayo Mama alikuwa akifukizia vyombo vya mti vya maziwa. Wenye ng'ombe wanajua: chombo kikishika moshi vizuri, hata kesho ukikifungua unausikia. Akaacha kigae kimoja katika kila remoriki, akafunga milango.

Edmond alicheka mpaka akashika kiuno.

"Papa Semana, unabeba motokari ao unabeba maziwa?"

Mimi nikaongeza yangu. Kabla Papa hajarudi kufungua, niliingia kwenye sanduku la Callixte, nikajikunja kwenye kona, na aliposhika mlango nikalia kama ndama aliyeachwa na mama yake.

Papa alicheka. Nilisikia kicheko chake kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mama, na nikajiona nimefanya muujiza.

Kisha akanusa. Remoriki ya bati haikuwa na kitu, moshi wote umekwenda zake. Ya mbao ilikuwa na harufu ya jikoni kwetu asubuhi.

"Hii njo yangu," alisema.

Edmond aliuliza kama mtu mwenye zizi tupu anaweza kukataa cha bure na kununua kizito. Papa aliahidi ndama wa kwanza atakayezaliwa, wakashikana mikono na Callixte.

Tulisukuma gari ndani. Papa alifungua milango yake yote minne kadiri nafasi ilivyoruhusu, akashusha vioo vyote, kisha akafunga remoriki.

Nilidhani ameanza kuzeeka. Nani anafungua madirisha ya kitu anachotaka kukikinga?

Njiani mvua ilitupiga kama tumeikosea. Karibu na kijiji cha Mpofi tulikuta daraja limevunjika, tukangoja litengenezwe. Edmond alilaani miti, mto na serikali. Papa peke yake ndiye aliyeonekana kuridhika. Alisema hakuna haraka.

Walikale, injinia alipofungua milango, gari lilikuwa kavu kama siku tuliyoliingiza. Alimpiga Papa begani. Wakati wafanyakazi wakilitoa, Papa aliniambia polepole:

"Funga remoriki. Funga mbio."

Nikafunga. Anga lilikuwa safi, hata wingu moja halikuwepo.

Injinia akaagiza viti vioshwe kwa sabuni. Wakakisugua kiti cha kulia kwa brashi, povu jeupe likatiririka chini. Papa alisimama akatazama mpaka mwisho, kofia mkononi, kama anavyosimama mtu makaburini.

Halafu akapanda kwenye remoriki, kama nilivyowaambia.

Edmond aliposimama Mpofi kula, nilienda kugonga ile milango. Niliweka sauti nzito ya askari, nikadai karatasi ya ruhusa ya msafiri aliyefichwa humo.

Mlango ulifunguka kidogo.

"Ingia upesi. Usiache wazi."

Niliingia. Akafunga.

Kisha nikasikia. Siagi. Majani ya kunukia. Moshi wa vyombo vya maziwa. Alikuwa Mama, amesimama karibu nami gizani, tayari kunifinya sikio.

Nikaketi kando ya Papa.

"Unasikia?" Papa aliuliza.

"Ninasikia, Papa."

"Bati haishike harufu. Mbao njo inashika." Akapapasa ubao. "Mimi sikutafuta remoriki ya kupeleka gari. Nilitafuta ya kumurudisha mama yako nyumbani."

Tulikaa humo mpaka Masisi. Nililia, na safari hii sikuwa naiga ndama.

Mitamba ililetwa, ikazaa. Callixte akapata ndama wake. Mtoto wa Drocella alinenepa mpaka akawa na makunyanzi mikononi.

Kila jioni Papa aliingia ndani ya remoriki, akakaa kidogo, akatoka akifunga mlango nyuma yake. Niliporudi likizo iliyofuata, nilimkuta ameifungua milango yote miwili, upepo unapita.

"Harufu yake imeisha," aliniambia. "Ndama wanaweza kulala humu."

Akaenda kukata majani ya kutandika. Nilishika panga, nikamfuata.

Basi wewe unayesoma, ukimwona mtu anachagua kitu kwa taabu kupita kiasi, anagonga, ananusa, anakataa cha bure, usimcheke kama tulivyomcheka Papa. Pengine amekwisha kubali kukitoa anachokipenda, na sasa anatafuta tu mahali pa kukiwekea kile kidogo kitakachobaki.