Kichwa Kidogo Mgongoni mwa Mama

Zuena, mpiga picha wa Gitega, alikuwa mbishi kupindukia, na printa yake ndiyo iliyomkomesha. Picha za rangi iliitoa vizuri. Lakini nyeusi na nyeupe, weee! Ama zilitoka za kijani, ama giza tupu.

Wateja wengi hawakujali. Melania alijali. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania, alikokulia ukimbizini tangu mwaka wa sabini na mbili, na alileta negativu moja ya filamu iliyotunzwa katika kopo la majani ya chai. Ilikuwa ya mama yake, aliyefia njiani wakikimbia. Jumamosi ukoo ungekutana kijijini Makebuko kwa kuganduka, kumaliza matanga yaliyosubiri miaka arobaini, na hawakuwa na picha nyingine ya marehemu.

Zuena aliipitisha negativu kwenye skana, akaikuza kwenye kompyuta.

"Mama, kuja uone. Iko kichwa ya mtoto hapa mgongoni."

Melania akashika kiti. "Ni mimi," alisema. "Hakuzaa mwingine."

Zuena akachapisha. Mtoto akamezwa na weusi. Akaongeza mwanga, mtoto akatokea, ila mama akawa kama kapakwa unga.

"Huyu siye, dada," Melania alisema kwa upole. "Shangazi aliyenilea anasema mama alikuwa mweusi tititi."

Zuena aliona haya, maana kung'arisha nyuso ndiko kulikompa sifa mjini.

Ikabidi ampigie kaka yake Uthmani, mwenye duka la uchapaji Muyinga na kifaa cha kupimia rangi. Kwa miaka miwili kaka huyo alimsihi watengeneze profaili, yaani faili la kuieleza kompyuta jinsi printa ile inavyotia giza kwenye karatasi ile. Zuena naye akijibu kuwa jicho lake linatosha. Asiyesikia la mkuu, jamani! Jumatatu akachapisha miraba ya kijivu ya kupimwa na kifaa hicho, kutoka nyeupe hadi nyeusi, akaitia bahashani wino ukiwa mbichi, akaituma Muyinga kwa basi.

Kesho yake Uthmani alipiga simu akifoka. "We Zuena! Uko unachapa ama unapika mboga ya isombe? Wino haikukauka, yote imechafuka! Acha ilale siku nzima, mi nakuambia."

"Ndiyo, kaka," alijibu Zuena, na kwa anayemjua, hilo peke yake lilikuwa muujiza.

Karatasi ya pili ilikauka Jumatano kutwa. Alhamisi ikafika Muyinga, na Ijumaa asubuhi profaili ikarudi kwa barua pepe. Melania alikuwa ameshaketi studioni. Zuena akasema bismillahi, akachapisha.

Mama akatoka mweusi tititi, macho yamechangamka. Na mgongoni, ndani ya kivuli cha nguo, mtoto amelala. Hata ngumi yake ilionekana, imeshika bega la mama.

Melania aliitazama mpaka Zuena akaanza kulia.

"Kufa kwake nilikujua miaka yote, dada," alisema Melania. "Kubebwa ndiko sikukujua."

Zuena akaitia picha kwenye fremu, akatafuta mfuko. Melania akaukataa. Alifungua kitenge chake cha begani, akainama, akamweka mama yake mgongoni kwa safari ya Makebuko. Zuena akapita mbele, akamsaidia kukaza fundo.