Hatua Saba kutoka Kisimani

Walimwita Fuko tangu ujana kwa sababu ya kazi yake, na jina likamganda hadi mkewe naye akasahau kumwita vingine. Alikuwa mchimba visima. Enzi hizo eneo lile lilikuwa mashamba matupu, nyumba moja hapa, nyingine ng'ambo ya bonde, na mtu akienda mjini aliaga kabisa. Ukimwita Fuko, alikuja na sururu, kamba na ndoo, akachimba siku tisa au kumi. Siku maji yalipobubujika miguuni mwake, yeye ndiye aliyekunywa ya kwanza, kwa kiganja, na tope lake. Hiyo ndiyo ilikuwa dhamana kwa mteja.

Kisha mji ukafurika ukawafikia. Mashamba yakakatwa viwanja, viwanja vikakatwa nusu, na kila nusu ikaota vyumba vya kupanga vilivyobanana kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamjibu. Watu hawakuulizia visima tena, waliulizia vyoo. Fuko akahamia huko, maana sururu ni ile ile na tumbo halina likizo. Kwa miaka kumi na miwili alichimba mashimo ya vyoo hadi akawa anaijua ardhi ile kwa chini kuliko kwa juu. Alijua choo cha nani kimelala ubavuni mwa kisima cha nani. Ndiyo maana akitembelea watu hakunywa maji yao. Alikuwa akipokea bilauri, akapiga soga weee, halafu akaiweka chini ikiwa imejaa pomoni. Watu wakasema ana maringo. Mkewe alimtetea kwamba ana vidonda vya tumbo.

Kisima alichokiamini kilikuwa kimoja tu, cha nyumbani kwa mama yake, cha kwanza kuchimba maishani mwake. Mama alipofariki, kiwanja kiligawanywa. Fuko na mkewe wakabaki upande wa kisima, na mdogo wake, kinyozi, akachukua upande wa pili. Kinyozi akajenga vyumba kumi na viwili, mgongo kwa mgongo, hata pa kuanika nguo hapakubaki. Choo kingekuwa kimoja kwa wote, na mahali pekee palipobaki pa kuchimba shimo lake ni hatua saba kutoka kisimani. Akamwomba kaka yake alichimbe.

Fuko alipima kwa miguu mara mbili mbele yake, akakataa. Akamweleza kwamba chini pale ni mchanga mtupu, kinachomwagwa huku kitatokea kule. Kinyozi alisikiliza huku akichezea funguo.

"Kaka, kwani wewe umechimba mangapi kwa hatua sita, hatua tano?" aliuliza. "Leo kwangu ndiyo umekuwa daktari?"

Neno hilo lilimchoma Fuko kwa sababu lilikuwa la kweli. Wiki haikuisha, mchimbaji mwingine akaletwa, na wapangaji wakahamia rangi ikiwa bado mbichi: watu arobaini na kitu, mbali na watoto, wote wakichota kisimani kwa Fuko.

Kila kiangazi, maji yakipungua, Fuko alikuwa na desturi ya kushuka kisimani kuzoa tope. Mwaka uliofuata alishuka kama kawaida kwa vipandio vya chuma, mkewe akiwa juu kuvuta ndoo. Alipofika katikati, pua ikamwambia kitu. Akajidanganya kwamba ni panya aliyefia humo. Akawasha tochi. Ukuta wa upande wa vyumba ulikuwa unatoka jasho. Ute mweusi ulipenya kati ya matofali na kutambaa hadi majini, kingoni ukiwa na povu la kijivu. Aliugusa kwa kidole, akakinusa. Harufu ile aliivuta kazini miaka yote bila kukunja uso, lakini huko ilikuwa mahali pake. Hapa ilikuwa ndani ya kisima cha mama yake. Juu ya maji palitanda utando unaong'aa kama mafuta, na chini yake vijidudu vyekundu, vyembamba kama uzi, vilikuwa vikijinyonganyonga.

Asubuhi ile alikuwa amekunywa chai ya maji hayo, vikombe viwili.

Alitapika akiwa ameng'ang'ania kipandio, na mkewe huko juu akamsikia. Kisha akachota ndoo moja, akaipeleka moja kwa moja kibandani kwa mdogo wake na kuitua katikati ya nywele zilizonyolewa. Mteja aliyekuwa kitini aliziba pua. Kinyozi alitazama ndani, akazima mashine.

"Nitatia dawa," alisema. "Na nani kawaambia wanywe? Hayo ni ya kufulia."

"Alfajiri nimemwona mpangaji wako wa chumba cha mwisho akiosha chupa ya mtoto kisimani," Fuko alisema. "Mwambie wewe kwamba ni ya kufulia."

Kinyozi aliwasha mashine yake, akaendelea kunyoa.

Fuko alirudi nyumbani, na kwa siku tatu alikifukia kisima chake mwenyewe, toroli baada ya toroli, kwa vifusi na udongo. Wapangaji walisimama wakimtazama kwa chuki, ndoo mikononi. Mama mwenye mtoto alimwuliza sasa wao watakunywa nini. Fuko aliinua uso, kisha akashindilia toroli nyingine.

Mdogo wake hamsalimii tena. Maji sasa wote wanauziwa na mchuuzi wa mkokoteni, kwenye madumu ya njano. Siku moja wiki ya kwanza Fuko alimwuliza anakoyateka, na mchuuzi akataja kisima cha nyuma ya mashine ya kusaga. Fuko alikijua. Kilikuwa kimezungukwa na vyoo vitatu, na mashimo ya viwili kati ya hivyo aliyachimba yeye.

Jioni hiyo wakwe walikuja kula. Mkewe aliwatoa hofu kwamba maji ameyachemsha vizuri.

"Ukiyachemsha," Fuko alisema, "yanakuwa mavi ya moto."

Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Hakuna aliyegusa kikombe. Fuko alinyanyuka, akatoka uani kutema mate.